Yai lililofichika: jinsi jicho la mwanadamu lilivyojifunza kulitazama

Katika mkutano mmoja wa tafakari, baada ya somo juu ya ndoa, binti mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kutoka. Alikuwa na swali ambalo hakutaka kuliuliza mbele ya wote. Dada yake mkubwa, aliyeolewa miaka sita iliyopita na ambaye hajapata mtoto, alikuwa amekwenda kupimwa mahali fulani mjini, akarudi na karatasi moja na neno moja: mayai yake si mazuri. Neno lile lilimfikia mama mkwe kabla ya jioni. Tangu siku hiyo, katika ua wa ukoo, dada hana jina lingine ila mugumba. Yule binti akatuuliza: «Je, kuna mtu aliyeyaona mayai hayo?»

Hatukuweza kumjibu siku ile. Tukamwomba atuletee ile karatasi, nasi tukaenda kusoma. Tulichokikuta ni historia ya karibu miaka mia nne, ambamo watu wenye akili nyingi walilitafuta yai la mwanamke, wakalikosa, wakalihukumu kabla ya kuliona, na hatimaye wakaliona. Tunaisimulia hapa kwa sababu tunaamini kwamba kijana anayejiandaa kwa ndoa anapaswa kuijua.

Tuanze Uingereza, mwaka wa 1651. William Harvey, mganga wa mfalme Charles I, yule aliyeonyesha kwamba damu huzunguka mwilini, alitoa kitabu juu ya uzazi wa wanyama. Mfalme alipenda kuwinda, na Harvey alipata ruhusa ya kupasua kulungu majike waliouawa katika majira ya kupandana. Alichunguza tumbo la uzazi la mmoja baada ya mwingine, wiki baada ya wiki, asione kitu. Hata hivyo alishikilia kwamba viumbe vyote hutokana na yai. Aliliamini yai ambalo macho yake hayakupata kuliona.

Miaka 16 baadaye, mwaka wa 1667, Mdenmarki Niels Stensen, aliyekuwa akifanya kazi Firenze, alipasua samaki wa baharini anayezaa watoto hai. Hadi wakati huo waganga wa Ulaya waliviita viungo vya ndani vya uzazi vya mwanamke «korodani za kike», kana kwamba mwanamke ni mwanamume ambaye hakukamilika. Stensen akaandika kwamba sivyo: vile ni vifuko vya mayai, na mwanamke anavyo kama samaki na ndege walivyo navyo. Katika mwaka huo huo alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Alipewa upadri mwaka wa 1675, akawa askofu mwaka wa 1677, na Yoane Paulo wa Pili akamtangaza mwenyeheri mwaka wa 1988. Tunapenda kulitaja jina lake kila mara mtu anapotuambia kwamba imani na kisu cha mpasuaji haviwezi kuketi meza moja.

Huko Delft, nchini Uholanzi, daktari kijana Mkatoliki, Regnier de Graaf, alikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1672 alieleza jinsi alivyopasua sungura wengi, saa baada ya saa na siku baada ya siku tangu walipopandana. Juu ya vifuko vya mayai aliona malengelenge madogo yaliyojaa maji. Siku tatu baadaye aliona vijiduara ndani ya mirija ya uzazi. Akahesabu, na hesabu ikakubaliana. Jambo moja lilimsumbua: vile vijiduara vya ndani ya mirija vilikuwa vidogo kuliko malengelenge ambamo vilitoka. Yai linawezaje kupungua njiani? Hakupata muda wa kutegua kitendawili hicho, kwani alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 32. Leo tunajua kwamba lile lengelenge halikuwa yai, lilikuwa nyumba yake. Hata hivyo limebaki na jina la Graaf, na wanafunzi wa udaktari wanaendelea kulitamka.

Kabla ya kufa, de Graaf alitenda tendo moja lililobadili mambo kwa namna ambayo hakuitazamia. Aliwaandikia wataalamu wa Royal Society ya London kuwapa habari za jirani yake, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea lenzi kali kuliko zote za wakati ule. Mwaka wa 1677 Leeuwenhoek aliweka shahawa chini ya lenzi yake, akaona viumbe visivyohesabika vyenye mikia, vikiogelea. Furaha yake ilikuwa kubwa mno. Mbegu za kiume zilionekana, tena zilitembea! Yai halikuonekana. Naye akakata shauri kwamba mtu mzima anatoka katika mbegu ya baba, na kwamba mama ni mahali pa kuikuza tu.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Fikra hiyo haikuwa ya Delft peke yake. Nasi katika vijiji vyetu tumezoea kusema kwamba mwanamume hupanda na mwanamke ni shamba. Pasipoota kitu, shamba ndilo linalolaumiwa. Ni ajabu kusikia maneno hayo kwa watu ambao ni wakulima tangu babu zao, ambao kila msimu hupekua mbegu kabla ya kuzifukia ardhini, maana wanajua kwamba mbegu nayo huoza.

Wengine walikosea kwa upande wa pili. Katika karne ya 18, padri Mwitalia Lazzaro Spallanzani aliwavalisha vyura dume suruali ndogo ili maji yao ya uzazi yasiyafikie mayai. Mayai hayakuanguliwa. Kisha akayachuja maji hayo: yaliyopita katika chujio hayakuzalisha, yaliyobaki juu yakazalisha. Jibu lilikuwa mkononi mwake, naye hakulishika. Aliendelea kuamini kwamba vile vidudu vyenye mikia ni vimelea tu. Kumbe mtu anaweza kuona vizuri na bado asielewe anachokiona.

Ilikuwa lazima kusubiri hadi mwaka wa 1827, miaka 155 baada ya kitabu cha de Graaf. Katika mji wa Königsberg, ambao siku hizi unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, Karl Ernst von Baer alikuwa akitafuta chanzo cha viinitete vya mbwa. Mwenzake Burdach alikuwa na mbwa jike nyumbani, akakubali kumtoa. Von Baer alipolifungua tumbo, aliona ndani ya lengelenge la Graaf kitone cha rangi ya manjano, kisha kingine katika lengelenge la pili. Akalipasua moja, akakichukua kitone kwa ncha ya kisu, akakiweka chini ya hadubini, chombo ambacho wengi wenu mnakiita mikroskopi. Akaruka nyuma kama mtu aliyepigwa na radi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ilimbidi ajipe moyo ndipo atazame mara ya pili, kwa hofu ya kudanganywa na macho yake. Lilikuwa yai.

Yai la mwanamke ni chembe hai iliyo kubwa kuliko nyingine zote za mwili wake, na bado upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita: dogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii. Na jambo tulilolipenda kupita yote katika masomo yetu ni hili: mayai yote huanza kuumbwa kabla msichana hajazaliwa. Katika mwezi wa tano wa mimba, kijusi cha kike kina mayai milioni sita au saba. Anapozaliwa yamebaki milioni moja au mbili, anapovunja ungo yamebaki laki tatu au nne, na katika maisha yake yote ni kama 400 tu yatakayopevuka na kutoka. Maana yake, yai lililokuzaa wewe unayesoma liliwahi kukaa ndani ya tumbo la bibi yako, pale mama yako alipokuwa bado hajazaliwa.

Baada ya von Baer mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1876 Mjerumani Oscar Hertwig alieleza jinsi alivyoona, katika mayai angavu ya mnyama wa bahari mwenye miiba, kiini cha mbegu na kiini cha yai vikiungana kuwa kimoja. Mwaka wa 1883 Edouard Van Beneden, profesa wa Liège nchini Ubelgiji, alichunguza mayai ya mnyoo wa farasi, akaonyesha kwamba baba na mama wanaleta idadi sawa ya kromosomu. Basi hakukuwa tena na shamba na mpanzi. Yai la binadamu linaleta kromosomu 23, mbegu inaleta 23. Ili lifike hapo, yai linapaswa kutoa nusu ya kromosomu zake na kuzisukuma nje katika kifuko kidogo kinachobaki pembeni. Wataalamu wanakiita globuli ya polari. Likumbukeni jina hilo, maana ndiyo alama ya kwanza inayotafutwa hadi leo na kila anayelitazama yai chini ya lenzi.

Karne ya 20 ilipofika, watu walianza kujiuliza kama yai na mbegu vinaweza kukutana nje ya mwili, katika kioo, ndiyo maana ya maneno ya Kilatini in vitro. Karibu na Boston, Marekani, daktari John Rock, Mkatoliki aliyehudhuria Misa kila siku, alimkabidhi kazi hiyo msaidizi wake Miriam Menkin. Kwa miaka sita Menkin alikusanya mayai karibu 800 kutoka kwa wanawake waliofanyiwa upasuaji, na 138 kati yake aliyakutanisha na mbegu. Wiki baada ya wiki, hakuna kilichotokea. Mwezi wa pili wa 1944, akiwa amekesha na mtoto wake mchanga aliyekuwa akiota meno, alichoka, akaziacha mbegu pamoja na yai muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi kutazama, yai lilikuwa limegawanyika. Hadi mwisho wa kazi hiyo ni mayai manne tu yaliyogawanyika kati ya yote 138.

Kwa nini mengine yalikataa? Jibu mojawapo lilitoka Uingereza. Mtaalamu Mmarekani Gregory Pincus alikuwa amefundisha kwamba yai la binadamu hupevuka kwa saa 12, kama la sungura. Robert Edwards aliwaomba madaktari vipande vya vifuko vya mayai vilivyoondolewa katika upasuaji, akasubiri saa 12, asione badiliko. Alirudia kwa miaka. Mtu mwenye haraka angesema kwamba mayai yale ni mabovu. Edwards aliamua kuyaacha yaendelee, akilichukua moja moja kwa zamu na kulitazama. Ilipopita siku nzima na zaidi, kiini kilianza kubadilika. Ilipofika kama saa 36 au 37, globuli ya polari ikatokea pembeni. Mwaka wa 1965 alitangaza habari hiyo. Mayai hayakuwa na kasoro. Yalikuwa yametazamwa mapema mno.

Kuanzia mwaka wa 1968 Edwards alisaidiwa na muuguzi kijana, Jean Purdy, ambaye alikaa mbele ya hadubini saa nyingi kuliko wote, na na daktari Patrick Steptoe, aliyejua kuyatoa mayai kwa kutoboa tundu dogo tu tumboni. Tarehe 25 mwezi wa saba 1978, huko Oldham, akazaliwa Louise Brown. Mama yake, Lesley, hakuwa na shida ya mayai. Mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba.

Mwaka huo huo mwandishi mmoja alimwuliza Patriarka wa Venezia, Kardinali Albino Luciani, juu ya mtoto yule. Luciani alimtakia heri mtoto, akasema kwamba hana haki ya kuwahukumu wazazi, na papo hapo akaeleza kwamba haoni sababu ya kuacha mafundisho ya Kanisa juu ya uzazi. Wiki chache baadaye alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Kwanza. Mafundisho yenyewe yaliandikwa kwa kirefu katika hati Donum Vitae ya 1987, na tena katika Dignitas Personae ya 2008: mtoto anapaswa kuwa tunda la tendo la upendo la mume na mke, tiba inaweza kulisaidia tendo hilo lakini isilichukulie nafasi yake, na kiinitete kinapaswa kuheshimiwa kama mtu tangu kutungwa. Hati hizo hizo zinawatia moyo wataalamu watafute sababu za utasa na dawa zake. Yafaa vijana watofautishe mambo haya. Yai lisilokutana na mbegu ni chembe ya mwili wa mwanamke. Kulichunguza chini ya lenzi si dhambi. Shida inaanza pale ambapo neno «ubora» linahama kutoka kwenye yai na kwenda kwenye kiinitete, na viinitete vinapangwa mstari, kimoja kikachaguliwa, vingine vikatupwa.

Sasa, mtaalamu wa leo anaona nini hasa? Tangu mwaka wa 1992, wakati Wabelgiji huko Brussels walipotangaza njia ya kuingiza mbegu moja kwa sindano ndani ya yai, ni desturi kulivua yai vijichembe vinavyolizunguka kama wingu. Likiwa wazi hivyo, anatafuta kwanza globuli ya polari: isipokuwapo, yai halijapevuka. Anatazama kama ute wa ndani ni laini au una punje na mapovu, kama ganda angavu lina unene wa kawaida, kama umbo ni la mviringo. Alama hizi zinaandikwa na kupigwa picha. Lakini wataalamu wenyewe wanakiri kwamba, ukiondoa ukomavu, nyingi kati yake hutabiri kidogo sana. Yai lenye sura mbaya limewahi kuzaa mtoto mzima, na zuri likakataa.

Sababu ni kwamba kasoro iliyo kubwa kupita zote haina sura. Mwanamke anapopita miaka 35, na zaidi anapofika 40, mayai yake hukosea mara nyingi zaidi kugawa kromosomu. Mayai mawili yanaweza kufanana kama mapacha chini ya lenzi, moja likiwa na kromosomu 23 na jingine 24. Kromosomu hizo hushikwa na nyuzi nyembamba zilizojipanga kwa umbo la pia, na mwanga wa kawaida hupita ndani yake kama ndani ya maji. Mjapani Shinya Inoué, katika miaka ya 1950, ndiye aliyezionyesha nyuzi hizo katika chembe zilizo hai, kwa kutumia mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yatetemeke upande mmoja tu. Mwishoni mwa karne chombo cha namna hiyo kilielekezwa kwenye yai la binadamu, na nyuzi zikang'aa bila kulidhuru. Ilionekana kwamba mayai ambamo nyuzi zinaonekana hupokea mbegu vizuri zaidi kuliko yale ambamo hazionekani. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini kuziona nyuzi si kuzihesabu kromosomu. Siku hizi kompyuta nazo zinafundishwa kwa maelfu ya picha za mayai ili zikadirie lipi litafanikiwa. Zinatoa kadirio, kama anayetazama mawingu na kusema kuna dalili ya mvua.

Katika yote haya kuna sharti moja ambalo watu hulisahau. Ili yai litazamwe, lazima kwanza litolewe mwilini kwa sindano. Ekografi inaonyesha malengelenge, yale ya de Graaf, haionyeshi yai. Kipimo cha damu kinaweza kukadiria kama mayai yaliyobaki ni mengi au machache. Hakisemi kama ni mazuri.

Na tusisahau nchi yetu. Katika miaka ya 1940, padri Edmond Boelaert, mmisionari katika Équateur, aliandika kwa uchungu juu ya Wamongo, ambao familia zao nyingi hazikuwa na watoto. Watafiti waliokuja baadaye walipotafuta chanzo, waliyaelekea zaidi maambukizo, hasa kisonono, yanayoziba mirija ya uzazi ya mwanamke kama ilivyokuwa imeziba ile ya Lesley Brown, na ambayo yanaweza kuharibu njia za mbegu za mwanamume pia. Hadi leo maambukizo yasiyotibiwa ni sababu kubwa ya utasa katika Afrika yetu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hukutana na shida ya kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake, wanaume kwa wanawake.

Jumapili iliyofuata yule binti alituletea karatasi ya dada yake, imekunjwa mara nne. Tuliisoma pamoja naye. Ilikuwa na mambo mawili: idadi ya malengelenge yaliyoonekana kwenye ekografi, na matokeo ya kipimo kimoja cha damu. Hakuna yai lililotolewa, wala lenzi iliyowekwa mbele ya yai lolote. Mirija haikuwa imechunguzwa. Chini kabisa palikuwa na mstari wa kuandikia matokeo ya mume. Mstari ule ulikuwa mtupu.